Kikundi chetu cha kufuma kimegeuka kikao cha pesa. Nifanyeje?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Njombe. Mwaka juzi nilianza kukaa barazani kwangu na majirani watano kila Jumamosi tukifuma vitambaa vya makochi, masweta ya watoto na kofia za baridi. Tulipendana sana. Tukaongezeka mpaka tukafika kumi na wanne, ndipo mmoja akashauri tuanzishe mchezo wa shilingi 5,000 kwa wiki. Tangu hapo mambo yameharibika. Rafiki yangu niliyeanza naye aliuguliwa na mtoto akakosa wiki mbili, mweka hazina akamsema mbele za watu, na hajarudi tena. Jumamosi iliyopita tulikuwa wanne, na mwenye sindano mkononi nilikuwa mimi peke yangu. Mume wangu anasema hivi ni vikao vya umbea, nivunje. Je, kikundi kama hiki kinaweza kufufuka? Na rafiki yangu aliacha kitambaa chake cha mchoro wa nanasi nusu, kipo kabatini kwangu. Nikimalizie nimpelekee?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara tatu, na mara zote nimekwama pale uliposema mwenye sindano mkononi ulikuwa wewe peke yako. Ugonjwa uko hapo. Kilichoondoka kwanza barazani kwako ni kazi ya mikono, watu wakaifuata. Na kwa kuwa sindano moja imebaki, naamini kikundi kitafufuka, ingawa hakitarudi na watu kumi na wanne, wala nisingependa kirudi hivyo.

Nimefundisha sayansikimu shuleni kwa miaka mingi, na tangu nistaafu nakaa na kina mama wa mtaani kwetu hapa Tanga kila Jumanne alasiri, tunafuma. Nimeona vikundi vikizaliwa na nimeona vikifa. Ngoja nianze na jambo ambalo wengi hulipita haraka: kwa nini watu wenye sindano mkononi huzungumza tofauti na watu wale wale wakikaa mikono mitupu.

Mtazame mtu anayefuma. Macho yapo kwenye kitanzi, vidole vinakwenda, masikio yamebaki huru. Hakuna anayemkodolea mwenzake. Mwenye neno zito kifuani anaweza kulitoa huku anautazama uzi, na anayelisikia analipokea huku anautazama wake. Asiye na la kusema anakaa kimya saa nzima na hakuna wa kumuuliza "mbona leo umenyamaza?", kwa sababu kila mtu anaona kuwa ana shughuli. Harusini, msibani, kwenye mkutano wa mtaa, ukimya wa mtu huzua maswali. Kwenye kufuma hauzui.

Kwetu alikuja mama mmoja aliyefiwa na mumewe. Eda ilipokwisha, miezi minne na siku kumi, akaja akakaa ukingoni mwa mkeka. Kufuma hakujui. Maneno ya kumfariji hatukumpa, maana alikuwa ameshafarijiwa mpaka amechoka. Tulimpa fungu la uzi alishike: unanyoosha mikono miwili mbele, uzi umezungushwa kwenye viganja, na mwenzako aliyekukabili anauvuta na kuviringisha donge. Ukishika uzi namna hiyo huwezi kukaa kama gogo. Lazima mikono iyumbe, kidogo kulia, kidogo kushoto, kuupisha uzi utoke. Kazi hiyo aliifanya wiki sita. Wiki ya saba, akiwa ameshika uzi wa bluu, akaanza kusimulia usiku ule mumewe alipozidiwa, tangu kutafuta gari mpaka alfajiri. Mikono yake haikuacha kuyumba, na aliyekuwa akiviringisha hakuacha kuviringisha. Alipofika mwisho wa habari yake uzi ulikuwa umeshaingia wote kwenye donge. Siku hiyo hiyo aliomba afundishwe kitanzi cha kwanza.

Wapo waliolichunguza jambo hili kwa utaratibu. Watafiti wa Uingereza waliwauliza wafumaji zaidi ya 3,500 wa nchi mbalimbali, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Waliofuma mara nyingi ndio waliosema zaidi kwamba wanatulia na kufurahi, na waliofuma pamoja na wengine walisema furaha yao imeongezeka na wamekuwa karibu zaidi na watu. Ni maneno ya wafumaji wenyewe juu ya hali zao, hakuna aliyewapima damu, lakini ndiyo ninayoyaona kila Jumanne.

Tena mikusanyiko hii tangu zamani ilikuwa na kazi ndani yake. Kaskazini mwa Uingereza, kwenye mabonde ya Yorkshire, kuna kijiji kinaitwa Dent. Katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 watu wa huko, wanaume, wanawake na watoto, walijipatia riziki kwa kufuma soksi na glavu za sufu. Jioni za baridi walikusanyika leo nyumba hii, kesho ile, ili moto na mshumaa wa nyumba moja uwatoshe wengi. Waliimba, walisimuliana hadithi, na sindano zilikuwa zinakwenda muda wote. Wewe uko Njombe, baridi ya Juni na Julai unaijua, kwa hiyo utawaelewa watu wa Dent kuliko mimi wa pwani.

Sisi huku tuna ukili. Unguja na Pemba wanawake hukaa pamoja, kila mmoja na chane zake za ukindu zilizotiwa rangi, anasuka ukili unaorefuka mpaka unaviringishwa. Mkeka mmoja hula ukili wa pima nyingi kabla haujaanza kushonwa, na vidole vikishazoea havihitaji macho, basi mazungumzo ya siku nzima hupita humo. Na Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, wajane walionusurika walikaa na wanawake ambao waume zao walifungwa kwa mauaji yale yale, wakasuka agaseke, vile vikapu vyenye vifuniko vilivyochongoka, mpaka dunia ikaviita vikapu vya amani. Sithubutu kuufananisha msiba wao na ugomvi wenu wa shilingi elfu tano. Ninachokuonyesha ni kwamba kazi iliwapa wanawake wale sababu ya kukaa mkeka mmoja.

Sasa tuje kwenye mchezo wenu. Mimi si adui wa mchezo wala wa vikoba. Mtoto wangu wa mwisho nilimlipia ada kwa fedha ya mchezo. Lakini angalia kilichotokea barazani kwako. Watu kumi na wanne kwa 5,000 ni shilingi 70,000, na kila Jumamosi kuna mmoja wa kuondoka nazo. Kukusanya hela hizo ni kazi ya dakika kumi. Aliyekuja kwa ajili ya 70,000, dakika ya kumi na moja hana sababu ya kubaki, na sindano haoni haja ya kuibeba. Na yule ambaye wiki hiyo hana 5,000 anabaki kwake, hata kama uzi anao na sweta la mtoto limebakia mkono mmoja. Zamani, mtu aliyekosa Jumamosi mbili alirudi akaulizwa, "mtoto anaendeleaje?" Baada ya mchezo anarudi akiwa mdaiwa. Rafiki yako alifikishwa hapo, na naamini wewe ulipokuwa unaandika swali ulilijua hilo.

Mweka hazina naye usimbebeshe lawama zote. Ukimpa mtu daftari la wadaiwa kisha ukamkalisha katikati ya rafiki zake, umempa mtihani mgumu. Amekosea kusema mbele za watu, na hilo aambiwe faraghani, na mtu mmoja, kwa sauti ya chini. Yatosha.

Cha kwanza kabisa: mzunguko wa mchezo umalizeni. Msiukate katikati, kwa sababu waliopokea mwanzo watakuwa wamekula hela za wasiopokea, na dhuluma ya namna hiyo hukumbukwa mtaani miaka. Wakati mnaumalizia, michango iende kwa mweka hazina kwa simu siku nyingine ya wiki, noti zisionekane tena kwenye mkeka wa Jumamosi. Akishapokea wa mwisho, wanaotaka kuendelea na mchezo waendelee nao, lakini siku nyingine, nyumba nyingine, na msimamizi asiwe wewe.

Na kama kuna wanaotaka kwenda mbali zaidi, kuweka hisa na kukopeshana kwa riba, waambie kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi vya namna hiyo visajiliwe. Wamwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Huyo huyo atawaeleza pia juu ya mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni jambo jema na limeinua wengi. Ila hicho ni kikundi cha biashara, kina katiba, kina mihtasari, kina marejesho. Anayeweza kuwa kwenye vyote viwili awe, lakini asivichanganye kwenye kikao kimoja.

Jumamosi yako irudishe ilivyokuwa. Nakwambia tunavyofanya sisi, uchukue kinachokufaa. Watu wasizidi wanane. Wakizidi hapo mazungumzo hukatika mawili, upande mmoja ukicheka upande wa pili unadhani wanachekwa. Wakija wengi zaidi, fungueni baraza la pili kwa jirani. Muda uwe na mwanzo na mwisho: sisi ni saa tisa hadi saa kumi na moja, na saa kumi na moja kweli watu wanakunja kazi, hata kama habari ni tamu. Mume wa mtu akijua mkewe atakuwa nyumbani saa kumi na moja na robo, nusu ya manung'uniko huisha yenyewe.

Chai iwe mwisho. Wengi huanza na chai kwa ukarimu, halafu vidole vyenye mafuta ya maandazi vinashika uzi mweupe, na doa la mafuta kwenye kitambaa cha kochi ni kazi kulitoa. Fumeni kwanza, nawieni, kisha mnywe. Tena ukiiweka chai mwisho, mtu anakuja kufuma, na chai inamkuta tayari amekaa.

Akija mgeni asiyejua, asikae mwenyewe akitazama. Mkalishe ubavuni kwa anayejua, bega kwa bega, kwa sababu akikaa mkabala mikono anaiona kinyume, kulia kwake kushoto. Isipokuwa anayetumia mkono wa kushoto: huyo mkalishe mkabala na mwalimu wake, aige kama anayejitazama kwenye kioo. Nimeona wasichana wa mkono wa kushoto walioambiwa miaka mingi kuwa kufuma hawakuwezi, wakashika kulabu alasiri moja kwa kubadilishiwa kiti tu.

Juu ya umbea, mumeo ana chembe ya ukweli, tusimkatalie. Watu wakikaa pamoja watawazungumza watu. Kujua kuwa fulani anaumwa, fulani amefukuziwa mwanawe ada, fulani amejifungua, huo si umbea. Bila habari hizo hakuna atakayekwenda kumsaidia. Ubaya unaanza pale siri ya nyumba ya mtu asiyekuwepo inapofunuliwa. Kwetu hatuna faini wala onyo. Nikisikia habari imevuka mlango wa mtu, nasema, "Hebu tuonane, mmefika mstari wa ngapi?" Kila mmoja anainua kazi yake juu, tunahesabu, huyu amesahau kupunguza vitanzi, yule mstari umepinda, na habari ile inakuwa imekatika. Siku hizi hata nikikohoa tu wanainua.

Mumeo umwambie ukweli kwa upole, wala usimfiche kilichotokea. Mwonyeshe sweta la mwanawe lilipofikia. Na kama anadhani kufuma ni mambo ya kike, mwambie Dent wanaume walifuma kama wake zao, na Lamu wanaume hukaa barazani wakishona kofia kwa mkono, tundu kwa tundu, na hakuna anayewacheka.

Kinachobaki ni kuwapa watu wachache waliobaki kitu cha kufuma kwa pamoja, kwa sababu kila mtu akiwa na kitambaa chake tu, akikosa kuja hakuna kinachomngoja. Nakushauri blanketi. Kila mtu afume miraba ya sentimita 20 kwa 20. Miraba 30, ikipangwa mitano kwa sita, inatoa blanketi la mita 1 kwa mita 1.2, linamtosha mtoto. Mkiwa sita, kila mmoja ni miraba mitano, mwezi mmoja na nusu mmemaliza bila kukimbizana.

Lakini uwe mwangalifu hapa, maana hapa ndipo wanaoanza hugombana. Usiwape hesabu ya vitanzi, wape rula. Wanawake wawili wenye sindano zinazolingana, milimita 4, na uzi wa donge moja, wakianza na vitanzi 40 kila mmoja, hawatatoa mraba mmoja. Mwenye mkono mkavu anavuta uzi, wake utatoka sentimita 18 na mgumu kama ubao. Mwenye mkono mlaini atafika 22, na unapitisha upepo. Wote wamefuma sawasawa. Basi mkavu aongeze vitanzi au achukue sindano nene kidogo, mlaini apunguze au achukue nyembamba. Miraba ikishakamilika, ilowesheni, muikamue ndani ya taulo, muibane kwa pini kwenye godoro kwa kipimo cha sentimita 20, ikauke hapo kabla ya kuiunganisha. Ikikauka utashangaa inavyokaa pamoja. Siku ya kuunganisha ndiyo nzuri kuliko zote, kwa sababu blanketi lenyewe linalala kwenye magoti ya watu watatu au wanne kwa wakati mmoja na hakuna anayeweza kuinuka bila kuwaambia wenzake.

Blanketi likiisha, nendeni wodi ya wazazi mkamuulize muuguzi kama wanapokea kofia za watoto wachanga, na wanataka uzi wa namna gani. Mtoto mchanga hupoteza joto jingi kichwani, na huko kwenu baridi haina mchezo. Kofia moja ni kazi ya alasiri moja.

Sasa kitambaa cha rafiki yako. Usikimalizie.

Najua umekusudia wema. Lakini nanasi ni mchoro unaosema ukweli: mkono wake na mkono wako havivuti uzi sawasawa, na palipoanza mkono wako pataonekana kama mpaka wa shamba. Kila akikitandika mezani ataona mahali alipoachia. Na ukimpelekea kitambaa kilichokwisha, umempelekea kitu kisichomhitaji tena.

Anza na mweka hazina. Yale ya ile 10,000 ya wiki mbili alizokosa rafiki yako yazungumzeni ninyi wawili mpaka yapate njia, iwe ni kumvutia siku au kumchangia, ili siku ya kwenda kwake deni lisitangulie mlangoni. Halafu kitoe kitambaa kabatini. Kulabu yake iache ndani ya kitanzi kile kile, ukipitishie pini kisifumuke njiani. Ukifika, mtoto kwanza: anaendeleaje, anakula, amerudi shule? Habari za mchezo zisikutoke mdomoni siku hiyo. Kisha mwonyeshe mstari alioishia, umwulize nanasi hili linapunguzwa kuanzia wapi, kwa sababu naamini hata wewe hulijui vizuri kama yeye.

Akisema kuna kosa mstari wa nyuma, na mara nyingi kosa huwa lipo, basi una bahati. Kufumua ni kazi ya watu wawili, mmoja anavuta, mwingine anaviringisha. Kaa chini ushike donge. Na sindano yako mwenyewe usiisahau nyumbani.